Treni ya Mpanda iko wapi?

Mpango niliuandika Jumanne usiku nyuma ya bahasha ya kaki, chumbani kwangu Buguruni, sufuria ya mama ikiwa imenibana kona ya kitanda. Jumatano asubuhi treni ya umeme, Dar mpaka Dodoma, chini ya saa nne. Jumatano saa moja jioni treni ya zamani, Dodoma mpaka Tabora, kufika Alhamisi asubuhi. Alhamisi saa kumi na mbili jioni treni ya Mpanda. Ijumaa mchana niko kwa dada, Jumamosi akika ya mwanawe. Kati ya treni na treni niliacha saa sita na zaidi, nikaona hapo hata shetani hapenyi.

Sufuria ndiyo iliyonipeleka kwenye treni. Ni ya alumini nzito, ya kupikia mchele kilo kumi, na mkono wake mmoja ulishang'oka ukapigwa ribiti. Mama aliituma kutoka Korogwe na neno moja tu: akika ya mjukuu wake haipikiwi kwenye sufuria za kukodi. Nilipokwenda kuulizia basi, konda aliitazama akataka nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Nikaondoka.

Kwa treni ya umeme sina neno. Nauli ya Sh 31,000, imeondoka kwa dakika yake, imefika kwa dakika yake, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa Dodoma nimekaa juu ya sufuria nikingoja bajaji. Ila hapa ndipo anayepanga safari ya kuunganisha apakumbuke: stesheni mpya iko Mkonze, nje ya mji, na stesheni ya zamani iko katikati ya mji. Reli ya zamani ina upana wa meta moja, mpya ni meta 1.435, kwa hiyo hakuna behewa litakalokuvusha kutoka hii kwenda ile. Unashuka na mizigo yako, unajitafutia njia. Mwenye bajaji alitaka Sh 10,000, nikamsihi mpaka 8,000, na bado naona nilipigwa.

Stesheni ya zamani ubao ulikuwa umeandikwa kwa chaki. Saa moja jioni ilikuwa imefutwa, juu yake pameandikwa saa tano usiku. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, saa tano nayo imefutwa, imebaki tarehe peke yake.

Mzee mmoja aliyekuwa amejilaza kwenye benchi akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Dar, kwa treni ya umeme. Akasema, "Wewe umeyaruka maji ya Kilosa. Treni yako bado inayavuka."

Ndipo nikaelewa kosa langu. Kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kinafuata Mto Mkondoa, na kila masika mto ule hula tuta, miaka mingine ukaondoka na reli yenyewe. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nikipandia Dodoma nitakuwa nimekwepa balaa hilo. Lakini treni ya zamani inaanzia Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimefika Dodoma, behewa langu lilikuwa bado nyuma ya maji. Nauli ya treni ya umeme ilikuwa imeninunulia nafasi ya kungojea Dodoma badala ya kungojea Dar.

Gesti Sh 25,000, feni haizunguki, maji ya ndoo. Nililala na viatu. Treni iliingia Alhamisi saa nne asubuhi, saa kumi na tano baada ya muda wake.

Mchana ule sina mengi ya kusimulia: daraja la tatu, watu watano kwenye kiti cha watatu, sufuria kati ya magoti. Ila Saranda kulitokea jambo. Akina mama walikuja madirishani na kuku, nikanunua paja kwa Sh 4,000, na lilikuwa la moto. Si moto wa kuchemshiwa tena. Mafuta yalikuwa yanatiririka, ngozi bado inalia. Nikamtazama aliyeniuzia akihama dirisha hadi dirisha. Treni yetu haikuwa na saa inayojulikana hata na ubao wa stesheni, na huyu mama amejuaje amkaange saa ngapi kuku wake?

Tabora tuliingia saa nne usiku. Treni ya Mpanda ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Nilishuka mbio, sufuria kichwani, mpaka dirisha la tiketi. Limefungwa. Askari wa pale nikamuuliza kama treni ya Mpanda imeondoka, akasema, "Bado." Nikamuuliza itaondoka lini. Akasema, "Bado." Neno hilo tunalipenda sana sisi, lakini usiku ule nilitaka kujua ni bado ya saa moja au bado ya siku tatu, maana mbuzi wa akika walikuwa wameshanunuliwa.

Nje ya uzio kulikuwa na mafiga ya akina mama watatu au wanne. Mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, khanga mbili, alinitazama mimi kidogo na sufuria sana.

"Hiyo ya kilo kumi," akasema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda nayo wapi?"

"Mpanda, mama. Kwenye akika. Sijui treni inaondoka lini."

"Mwanangu, usiulize inaondoka lini. Uliza iko wapi."

Akanisogezea kigoda, akanimiminia chai ya tangawizi, akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa shule. Mabehewa ya kwenda Mpanda ni yaleyale yanayotoka Mpanda. Yasipoingia, hakuna cha kuondoka, hata ubao uandikwe saa kwa rangi ya mafuta. Na njia ni moja. Reli inayotoka huku inakwenda Kaliua, hapo inagawanyika, mkono mmoja Kigoma, mwingine Mpanda. Mabehewa ya Mpanda yalitakiwa kuingia Tabora asubuhi ya Alhamisi, lakini Kaliua yamewekwa pembeni kupisha, na treni ya Kigoma nayo imechelewa iko nyuma yao. "Umeona? Usiku huu hakuna safari ya Mpanda. Lala."

Nikamuuliza haya yote kayajuaje. Akatoa simu yake, kitochi kilichofungwa raba. Ana mwenzake Kaliua anayeuza mihogo, ana mwingine Urambo, ana mwingine Usoke. Upande wa mashariki anao wa Itigi na wa Saranda. Treni ikitoka kwa mmoja, anampigia wa mbele: imetoka, imejaa au haikujaa, ina mabehewa mangapi. "Ninyi ya kwenu Saranda aliniambia saa nane, akasema wana njaa." Wali ukiiva mapema ukapoa ni hasara, ukichelewa treni imeshapita, mtaji umelala. Vocha wanachangiana, jero kila mmoja kwa zamu. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo.

Kuku wa Saranda alikuwa wa moto kwa sababu mtu wa Bahi alinyanyua simu. Nilikaa pale nikiwaza bahasha yangu ya kaki, saa nilizoziandika kwa kalamu kana kwamba ni saa za swala, na huku kumbe ratiba yenyewe inatembea kituo kwa kituo, mdomoni mwa watu wenye mchele jikoni.

Saa saba usiku simu ikalia. Akasikiliza, akakata, akakaa kimya akihesabu kwa vidole. Ile ya Mpanda na ile ya Kigoma zimefuatana. Zitaingia alfajiri, moja kwenye mkia wa nyingine. Siku za kawaida zinaachana, anapikia moja anapumzika, anapikia ya pili. Yeye alikuwa na sufuria mbili za kilo tano tano. Hakuniomba. Aliniuliza tu, "Hiyo imewahi kupikia treni?"

"Imewahi, mama. Korogwe."

Nikamweleza. Mama yangu alikuwa anauza wali stesheni ya Korogwe, treni ya Moshi ikipita, kabla sijapata akili. Miaka ya 1990 treni ya abiria ikakatika, wenziwe wakahamia barabarani kukimbiza mabasi na machungwa. Yeye hakwenda. Alisema basi halikupi nafasi ya kumuuliza mtu kama ameshiba. Sufuria ikabaki ya shughuli za mtaani, harusi na misiba. Desemba 2019 treni iliporudi alikwenda kuitazama, akarudi nyumbani, hakusema kitu. Haya nilikuwa sijawahi kumweleza mtu, na nilishangaa nilivyoyajua yote.

Mama wa Tabora akainuka, akaichukua sufuria, akaigonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio. "Haijatoboka. Haya, kachote maji."

Tulipika mpaka alfajiri, yeye, binti yake na mimi. Mchele nilioupeta kwenye mwanga wa tochi ya simu ulikuwa na mawe zaidi ya nilivyotarajia, na binti akanionyesha namna ya kuutikisa ungo ili mawe yabaki nyuma. Maji mama hakupima kwa kikombe: alichomeka kidole, maji yapite mchele kifundo kimoja, basi. Mafiga yake yalikuwa madogo kwa sufuria ile, tukaokota mawe matatu makubwa pembeni mwa njia. Moto ulipokolea akaupunguza, akafunika, akatandaza makaa juu ya mfuniko kwa koleo, moja moja, kwenye duara, katikati akaacha wazi. Usiku wa Tabora una baridi, na nilikaa karibu na moto ule kwa raha ambayo gesti ya Dodoma haikunipa. Kando yetu abiria wa Mpanda walikuwa wamelala kwenye mikeka na virago. Mzee mmoja mwenye madumu ya asali alitaka kuniuzia lita moja kwa Sh 12,000, nikakataa, nikasema ghali. Bado najuta.

Saa kumi na nusu kitochi kikalia. "Imetoka Usoke," mama akasema, na pale pale wote wakaanza kwenda kasi. Makaa yakashuka kutoka mfunikoni, maharage yakageuzwa, sahani zikapangwa. Nikamsalimia kwa lugha ya kwao, niliyojifunza usiku uleule: "Mwangaluka." Akaniitikia huku ananipa mwiko.

Ya kwanza ilikuwa ya Mpanda, ya pili ya Kigoma. Sahani moja Sh 2,000, wali na maharage. Tulipita madirisha, binti amebeba maharage, mimi nimekumbatia sufuria na matambara mikononi, mama anapakua anapokea pesa anarudisha chenji bila kutazama chini. Wali wa sufuria yangu uliisha kabla hatujafika behewa la mwisho la Kigoma, na watu walikuwa bado wananyoosha mikono. Nilitamani mama yangu awepo.

Halafu nikaiona treni yangu. Si kwenye ubao, kwa macho: abiria wa Mpanda wanashuka na magunia na kuku, wafagiaji wanapanda, kichwa kinafunguliwa upande huu kinafungwa upande ule. Saa tano asubuhi ya Ijumaa tuliondoka. Mama alitaka kunigawia pesa, nikakataa. Akanifungia ukoko wa wali kwenye jani la mgomba, mkubwa kama sahani, akaandika namba yake kwenye bahasha yangu ya kaki, juu ya mpango.

Kutoka Kaliua mpaka Mpanda ni kilometa 210, na treni inakwenda polepole sana. Njia ile ilijengwa kufuata madini ya risasi, ikafika Mpanda mwaka 1950, na inapita misitu ambayo ukitazama nje saa nzima huoni paa la bati. Mto Ugalla tuliuvuka gizani. Katumba watu wengi wakashuka. Jumamosi, jua likichomoza, nilikuwa Mpanda, na dada na shemeji walikuwa wameshaletewa habari na mtu mwingine kabisa: mama wa Tabora alikuwa amempigia wa Kaliua, wa Kaliua akampigia muuza chai wa Mpanda, na huyo ni jirani wa dada. Kulikuwa na kijana mwenye sufuria, walimwambia, msiende kulala.

Dada aliigeuza sufuria akaona kitako chake cheusi, masizi mapya juu ya yale ya zamani.

"Hii umeipikia wapi?"

Nilimpigia mama nikiwa bado nje, mbuzi wanalia nyuma ya nyumba. Nikamweleza kwa kirefu. Alikuwa kimya mpaka nikadhani vocha imeisha. Nikamuuliza, wao Korogwe hawakuwa na simu, walijuaje treni iko wapi?

"Kengele," akasema. "Ikitoka Mnyusi, stesheni wanagonga kengele. Tukiisikia tunaepua." Akanyamaza kidogo. "Mchele wa Tabora ule, maji mliweka kiasi gani?"

"Kifundo kimoja cha kidole, mama."

"Kwa sufuria ile ni kifundo na nusu. Haukushika chini?"

"Ulishika kidogo. Nimekula ukoko njia nzima."

"Mwambie dada yako leo aweke na nusu."