Unga unazima pumzi kwanza

Jana usiku tumeitwa huku Mombasa, kijana kazidisha unga, yaani heroini, tunafika tunakuta wenziwe wamemmwagia maji baridi na mmoja ashashika pakiti ya maziwa anataka kumnywesha, jamani aliyezimia msimpe kitu mdomoni, kinaingia mapafuni. Midomo ishakua bluu, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, nashika shingo hakuna mapigo. Kuna jirani akasema eti mwacheni ni teja tu, na mamake kasimama palepale anasikia, iliniuma sana wallahi. Sasa unga unazima pumzi kwanza, moyo unasimama baadae kwa kukosa oksijeni, ndo maana hapo hewa haingoji, mwenzangu anabonyeza kifua mara 30 mimi nampa pumzi 2 na ambubegi, ule mfuko wa kusukumia hewa, tena na tena. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, tukampa pia lakini hiyo inarudisha pumzi, haiwashi moyo uliosimama, kwahivyo hatukuacha kubonyeza. Mapigo yakarudi, alhamdulillah! Njia nzima sikumtoa macho, maana naloksoni yaisha nguvu kama dakika 30 mpaka 90 na unga bado uko mwilini, anaweza kuzima tena.