Mahindi Matatu Kwenye Unywele

“Mama, mbona chambo hakiko kwenye ndoano?”

Mwanangu alikuwa amelifungua lile boksi la Mjomba mezani, katikati ya vitabu vyake vya shule, akaokota ndoano yenye kiuzi kinachoning'inia nyuma yake, na kwenye hicho kiuzi punje tatu za mahindi zilizokauka siku nyingi. Amezoea kuwaona vijana wa mtaa wa Karagita, kando ya ziwa, wakifinyanga donge la ugali na kuifunika ndoano hadi isionekane, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nilianza kumjibu, nikajikuta niko kando ya Ziwa Naivasha asubuhi ile, Mjomba akinigombeza kwa sababu ya mate.

“Lilainishe kwanza! Fundo kavu linajiunguza lenyewe likikazwa.”

Mjomba wangu alitaka kunifundisha kumvua samaki aitwaye kapi kwa mtindo wa Uingereza. Safari naipita: boda mbili, chupa ya chai, mizigo mingi kuliko mikono. Tulifika kumeshapambazuka, tena kwa makusudi, maana viboko waliokesha malishoni hurejea majini alfajiri na hakuna mwenye akili anayekaa kati ya kiboko na maji yake. Kwa sababu hiyo hiyo vifaa vilipaswa kukunjwa kabla jua halijaanza kushuka. Wenzetu wa Uingereza humvua kapi usiku kucha, wamelala hemani kando ya bwawa. Naivasha ni mchana tu.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa ndoano namba 6, akaanza.

Uzi unaoshika ndoano ni wa kusokotwa, wenye nguvu ya ratili 25. Unakatwa sentimita 30 au zaidi kidogo, kwa sababu mafundo yatakula sehemu kubwa na unataka ubaki na sentimita 15 au 20. Ncha moja ya uzi inafungwa kitanzi kidogo, cha kupitisha njiti tu. Mahindi huvishwa kwenye kitanzi hicho kabla ndoano haijafungwa, si baada, maana ndiyo yanayopima urefu wa unywele, yaani kile kiuzi kinachoning'inia nyuma ya ndoano: kati ya punje ya mwisho na mkunjo wa ndoano ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Ikizidi sana, samaki anaonja chambo huku ndoano ingali nje ya mdomo. Ikipungua, mahindi yanaikumbatia ndoano na kuziba ncha yake.

Halafu ile ncha nyingine ya uzi inapitishwa kwenye tundu la ndoano na kuzungushwa juu ya mguu wake mara saba au nane, ikiubana unywele chini. Mizunguko ilale ubavu kwa ubavu, isipandane. Kisha uzi unarudishwa tunduni kwa mara ya pili, na hapo ndipo Mjomba aliponishika kifundo cha mkono. Lazima uingie kutoka upande wa mgongo wa ndoano na kutokea upande wa ncha. Ukiingizwa kinyume, fundo linashika vilevile na kupendeza vilevile, lakini uzi unapovutwa ndoano inafuata imenyooka badala ya kupinduka, na samaki anaitema bila jasho.

Kujua kama imekaa sawa, unailaza kiganjani na kuvuta uzi polepole. Iliyofungwa vizuri inageuka yenyewe na kutafuta nyama.

“Ikikuchoma wewe, itamchoma na yeye.”

Ilinichoma. Akaridhika, akapitisha uzi kwenye kipete kinachozunguka, kile kinachozuia uzi usijisokote, akamimina chai.

Nilimuuliza swali lile lile aliloniuliza mwanangu, kwa sababu mpaka pale nilikuwa nafuata mikono yake tu. Kapi hana meno midomoni. Meno yake yako kooni, ya kusagia, na midomo yake laini yenye vile visharubu vinne ni ya kupapasa tope. Anapokula hadonoi, anafyonza: chambo, maji na matope vyote vinaingia pamoja, anavichambua mle ndani, kisichofaa anakipuliza nje. Donge lililofichwa chuma ndani yake ni zito, halinyanyuki kama madonge mengine yaliyotapakaa hapo chini, kwa hiyo anayeshuku analitema mapema na mvuvi hajui hata kama alitembelewa. Lakini punje iliyo huru kwenye unywele inaingia kama zile nyingine, na ndoano tupu inaifuata nyuma. Akiipuliza, mahindi yanatoka na ndoano inageuka, inanasa mdomo wa chini. Anashtuka, anakimbia, na uzito wa chubwi, ile risasi ya kuzamishia uzi, unaizamisha ncha mpaka kupita chembe, kile kijino kinachozuia ndoano isichomoke. Mvuvi wakati huo hajafanya chochote.

Wazo hilo ni la Waingereza wawili, Len Middleton na Kevin Maddocks, waliolifikia karibu na mwaka 1980, na majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa unywele hasa, wa kichwa cha mtu. Mjomba alinieleza habari hizo kwa sauti ambayo watu wengine huiweka akiba kwa mitume.

Mahindi tulikuwa tumeyaandaa siku tatu kabla. Ni mahindi makavu ya kawaida, haya ya githeri, yanalowekwa saa 24 katika maji yanayozidi mara mbili ujazo wake, kisha yanachemshwa nusu saa au zaidi, hadi punje ivimbe na kuminyika kwa kucha bila kupasuka. Hapa pasifanywe haraka. Punje isiyoiva hufura tumboni mwa samaki na inaweza kumdhuru. Baada ya kuchemka yanaachwa katika maji yake yale yale siku mbili tatu, yafanye ute na kunukia uchachu mtamu. Mama alitukataza kuingiza ile sufuria nyumbani, na hakukosea.

Mjomba alikuwa pia na vitonge vyake vya Kizungu: nusu semolina, nusu unga wa soya, vinakandwa kwa mayai mabichi, kama mayai sita kwa nusu kilo ya unga, vinaviringwa ukubwa wa gololi na kuchemshwa dakika mbili ili viote ganda. Aliongeza unga wa omena. Katika mabwawa ya Uingereza harufu ya samaki inamwita kapi. Naivasha inamwita kila mtu. Ziwa lile lina kamba wekundu wa Louisiana waliopandwa mwaka 1970, na makucha yao hayajui ganda la kitonge. Ufito wa kuvulia ulipovutwa nje mara ya kwanza ulikuja na unywele mtupu, njiti imebaki peke yake. Ugali ndio usiseme. Mahindi magumu yalistahimili, na Mjomba akavirudisha vitonge kwenye mfuko kimya kimya.

Njiti yenyewe ni kipande cha ufagio. Punje zinatobolewa kwa sindano yenye kijino, zinapangwa tatu juu ya sindano, kitanzi kinanaswa kwenye kijino, punje zinasukumwa zishukie kwenye unywele, na njiti inalazwa ndani ya kitanzi zisichomoke.

Ufito ulikuwa wa futi 12, uzi mkuu wa ratili 15, chubwi la gramu 85. Chubwi halifungwi moja kwa moja kwenye uzi mkuu. Linashikwa na kibanio cha plastiki kinachoachia likivutwa sana, maana uzi mkuu ukikatika na chubwi likang'ang'ania, samaki anaburuta kifungo hicho mpaka kinaswe kwenye magugu, na anafia hapo. Kwa kibanio, chubwi linabaki chini na yeye anaondoka na ndoano peke yake. Wanaoanza huipuuza sehemu hii kwa sababu haileti samaki hata mmoja.

Mjomba alitupa mara ya kwanza bila ndoano, chubwi tupu, akaniambia nishike uzi kwa kidole wakati linazama. Likigonga sakafu ngumu, ufito unapokea mdundo. Likishukia kwenye tope laini, uzi unalegea tu bila habari. Likianguka juu ya magugu, linakataa kurudi. Tope jingi linameza chubwi na kuvuta chambo nalo, kwa hiyo hapo unapunguza uzito na kurefusha uzi wa ndoano. Tulipata mdundo umbali wa hatua chache kutoka kwenye mafunjo, ambako viputo vilikuwa vikipanda na maji yamechafuka kama chai ya maziwa. Kapi akichimba huwa hajifichi.

Kulisha tulitumia manati. Konzi moja baada ya nyingine, zote zikishukia eneo dogo la kitanda kimoja, na watoto waliokuwa wakitutazama wakacheka mpaka wakakaa chini: mzee mzima anapiga ziwa manati ya mahindi.

Kibiringo cha uzi kina kiwiko nyuma yake. Ukikisukuma, uzi unatoka bure bila kuvuta ufito. Ukigeuza mkono wa kukunjia, breki inashika. Asiye na kibiringo cha namna hiyo asiache ufito peke yake juu ya panda, kwa sababu samaki aliyenaswa kwa mtindo huu hagusigusi. Anaondoka na kila kitu.

Na ndivyo alivyoondoka. Kipande cha karatasi ya sigara tulichokikunja juu ya uzi kilipanda hadi kwenye ufito, kibiringo kikaanza kulia mfululizo, nami nikasimama na kikombe mkononi.

“Weka chai chini. Geuza. Inua. Usivute!”

Ndoano ilishafanya kazi yake, kuvuta kwa nguvu kungeichana ile midomo. Ufito juu, upinde ubaki, akitaka kwenda aende, breki imeshapimwa. Alielekea kwenye mafunjo, na Mjomba akaniambia niulaze ufito pembeni, karibu ugusane na maji, nimsukume kwa ubavu. Samaki akivutwa kutoka juu anashindana na wewe. Akivutwa kwa ubavu kichwa chake kinageuka, na mwili hauna budi kukifuata. Aligeuka. Unainua ufito taratibu, unaushusha huku unakunja, unainua tena. Mikono ilinitetemeka kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Wavu uliwekwa majini mapema na ukatulia. Wavu haumfuati samaki, samaki ndiye anayepitishwa juu yake. Wa kwanza kumwona walikuwa watoto, na walipiga kelele kabla yangu.

Mizani ya mama samaki ilisema kilo saba na kitu. Ndoano ilikuwa katikati ya mdomo wa chini, mahindi yananing'inia nje mazima, hayajatafunwa.

Mjomba akatandika godoro la sponji alilokwisha kulilowesha, akamlaza samaki, akaanza kummwagia maji kwa kikombe. Watu walianza kukusanyika.

“Mzee,” mama samaki akauliza kwa heshima zote, “huyo ni unga wa wiki nzima. Unamwogesha ili iweje?”

“Namrudisha.”

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika ng'ambo. Mjomba akajitetea kwa habari za Richard Walker, aliyevua kapi wa ratili 44 katika bwawa la Redmire mwaka 1952, na samaki yule hakuliwa. Alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaishi huko hadi 1971.

“Miaka yote hiyo? Na chakula chake alilipa nani?”

Mvuvi mmoja mwenye nyavu zake begani alikuwa ameichukua ile ndoano, anaigeuzageuza. “Lakini hii si kuvua,” akasema. “Umemtega.” Hakusema kwa ubaya. Akaomba moja, Mjomba akampa tatu.

Mjomba alinigeukia. Aliyeshika ufito ni mimi, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wangu, na watu wote wa Karagita walikuwa wakinisubiri. Bwawa la Uingereza lina mwenyewe, kila samaki mkubwa anajulikana, na mtu hulipa ili amvue yule yule aliyevuliwa na mwenzake juzi. Ziwa hili linalisha watu. Tena kapi mwenyewe si mwenyeji: alianza kuonekana hapa mwaka 2001, inaaminika aliteremka na Mto Malewa kutoka kwenye mabwawa ya kufugia, na katika miaka kumi akawa ndiye anayejaza nyavu. Anafukua magugu na kuvuruga maji. Hoja zote zilikuwa upande wa sufuria, na bado nilisita, kwa sababu sikuona kama nilikuwa nimemshinda kwa chochote. Alishindwa na fundo, siku ile ile mtu aliponishika mkono nisilikosee. Mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kumfikiria samaki.

Nilisema twende naye nyumbani.

Kapi ana miiba midogo yenye umbo la Y iliyozama ndani ya minofu, na haitolewi kwa vidole. Unaukata mnofu kwa kisu kikali kutoka upande wa nyama, mistari iliyokaribiana milimita tatu au nne, ukiishia kwenye ngozi bila kuitoboa. Unapaka chumvi, ndimu na tangawizi ya kutosha ya kuondoa ladha ya tope, unauacha nusu saa, unaukausha, kisha unaukaanga katika mafuta mengi yenye moto mkali hadi ile miiba iliyokatwakatwa ikauke na kutafunika. Mjomba alikuwa ameapa kwamba hatamtia mdomoni. Alikula vipande viwili, akauliza mkia amepewa nani.