Siku Moja Maishani Mwangu: Kumfuata Kipepeo Jike Anapochagua Jani

Kazi yangu ni kufuga vipepeo katika kijiji cha Pete, jirani na msitu wa Jozani, Zanzibar, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kumfuatilia jike anapotafuta mmea wa kutagia. Wengi huamini kwamba anayetaka vipepeo apande maua. Maua humlisha kipepeo mzima, lakini kizazi chake hutegemea jani, na jani lenyewe si lolote lile.

Saa 12:30 asubuhi. Majike bado hawajaanza kuruka kwa kuwa wanasubiri joto la jua, kwa hiyo huu ndio wakati wa kukagua midimu kutafuta mayai. Yai la Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ni la duara, lina rangi ya manjano iliyopauka na upana wa takriban milimita moja. Hutagwa mojamoja, mara nyingi kwenye chipukizi laini. Nikilipata hukata kijitawi chake na kukiweka ndani ya chandarua, mbali na siafu na mijusi.

Saa 2. Jirani yangu, bibi mtu mzima, ananiita uani kwake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wadudu wako wananimalizia mdimu.”

Ninamwomba asiwaue, nami ninawachukua wote. Viwavi wadogo wanafanana mno na kinyesi cha ndege, hivyo inabidi nipekue jani kwa jani. Waliokua wamekwisha kuwa wa kijani. Malalamiko yake ni ya haki, kwani mche mchanga ukiliwa chipukizi zote hudumaa. Ndiyo maana naona ni wajibu wa mfugaji kupanda midimu yake mwenyewe.

Saa 4. Jua limepanda, na jike wa kwanza ameingia shambani. Anapita juu ya mstafeli bila kusimama. Mimea ya familia hiyo huchaguliwa na vipepeo wengine, wa jenasi ya Graphium. Anafika kwenye mdimu, anagusa jani pevu, anaondoka. Anatua kwenye chipukizi, na hapo, huku mabawa yakiendelea kupigapiga, analigongagonga jani kwa miguu ya mbele. Miguuni ana vinyweleo vinavyoonja kemikali za mmea: macho na harufu vimemleta mpaka hapa, lakini mguu ndio unaotoa uamuzi. Anapinda tumbo, anabandika yai moja, anaondoka.

Linalonishughulisha kila nionapo jambo hili ni kwamba mdimu asili yake ni Asia, ilhali kipepeo huyu ni wa Afrika. Hata hivyo katika misitu yetu imo miti ya familia ileile ya Rutaceae, na ladha anayoitafuta jike inapatikana pia kwenye mdimu, mchungwa na mdanzi. Mwaka 1964 wanabiolojia Paul Ehrlich na Peter Raven walieleza kwamba vipepeo wenye undugu huelekea kula mimea yenye undugu, na kwamba kemikali za mimea ndizo zinazoongoza mpangilio huo. Mdimu wa uani ni ushahidi wa karibu kabisa.

Mti mmoja nimeuruka kwa makusudi, kwa sababu umejaa viota vya maji moto, aina ya sisimizi wa mitini wanaowinda wadudu. Kiwavi akianguliwa humo ataliwa. Sisemi maji moto wafukuzwe: utafiti uliofanywa hapa Zanzibar na mtaalamu wa wadudu M. J. Way miaka ya 1950 ulionyesha jinsi wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa.

Saa 6 mchana. Ninahamia kwenye ardhi ya mawe, penye mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Hapa hutaga Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa. Viwavi wake hula mmea wenye sumu inayodhuru moyo, huihifadhi mwilini, na ndege hujifunza kumwepuka. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye si ndugu yake wa karibu, amemwiga rangi hizo kiasi kwamba wakipita kwa kasi siwatofautishi. Namsubiri atage. Leo jike mmoja ameipita mimea ya utomvu, akashuka mpaka kwenye kimmea cha majani manene kinachotambaa ardhini, cha jenasi ya Portulaca, akatagia hapo. Huyo ni misippus. Rangi ya bawa inaweza kumdanganya ndege, lakini jani analolichagua humtambulisha.

Saa 8. Baada ya sala na chakula, ninakagua maembe yaliyoanguka. Nzi wa matunda Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003, hutoboa ganda na kutaga ndani ya tunda. Yaliyotobolewa ninayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyaacha juani, ili mabuu yasitoroke kuingia udongoni.

Saa 10 alasiri. Ninawabadilishia viwavi majani, kila aina ikipewa mmea uleule aliouchagua mama yao. Kisha ninakwenda kando ya njia, ambako vijana wanafyeka mwingajini wakiuona ni gugu tu. Ninawaomba wauache upande mmoja, kwani Catopsilia florella, kipepeo mweupe mwenye ukijani hafifu, hutaga kwenye mmea huo na jamaa zake. Wamekubali kuacha ukanda ulio karibu na ukuta.

Saa 12 jioni. Ninaandika daftarini: aina ya kipepeo, mmea, umri wa jani, jua au kivuli, na kama palikuwa na sisimizi wadogo au maji moto. Safu ya majani yaliyoguswa yakakataliwa ni ndefu kuliko ya yaliyotagiwa, nami huijaza kwa uangalifu uleule, kwa sababu ndiyo inayonielekeza mche upi nipande karibu na chandarua na upi nipogoe ili utoe chipukizi mpya kabla ya mvua za masika.