Kasha dogo, joto limetulia

Jana usiku nimemaliza kuipanga upya kompyuta yangu kwenye kasha la lita 18. Madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ni ya saizi ndogo iitwayo Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, lakini kadi ya grafiki imejaa mpaka ubavuni, hata kidole hakipiti. Mwanzoni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilifika nyuzi 94 nikihariri video. Nikafungua, kumbe feni mbili za juu nilizifunga kinyume: zinasukuma hewa chini wakati joto linataka kupanda. Nikazigeuza, nyaya za pawa saplai nikazibana pembeni, feni za chini zikabaki kuvuta hewa ya nje. Sasa inacheza kwenye 78, na chumba changu hapa Dar hakina kiyoyozi! Nimefurahi sana jamani. Vumbi tu ndilo linanipa wasiwasi, chujio la chini nitalisafisha kila Jumamosi.