Mjomba alitaka dizeli

Simu ya jirani yangu iliingia saa tisa usiku, mwezi wa Januari, nami niko zamu kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa amekwama kando ya barabara kuu ya I-35 karibu na Albert Lea, kusini mwa Minnesota, nyuma ana tela lenye magari matatu na injini imezima kimya. Nje ilikuwa nyuzi 23 chini ya sifuri. Pikapu yake ni dizeli, ile ya tairi mbilimbili nyuma, na alikuwa akinitambia nayo tangu siku aliyoinunua. Yeye ni Mkenya, mimi mtu wa Tanga, kwa hiyo kutambiana ndiyo salamu yetu.

Injini haikuwa na kosa. Alikuwa ametoka Texas, akafika Oklahoma akaona bei nzuri, akajaza tangi la gari pamoja na tangi la ziada alilolifunga mgongoni, akapanda nayo kaskazini. Dizeli ina nta ndani yake. Mtu wa pwani anayejua mafuta ya nazi yanavyokuwa asubuhi ya mwezi wa saba, kipupwe kikivuma, atanielewa haraka: yameganda meupe, unagonga chupa hayatoki. Dizeli nayo ni hivyo hivyo, ila inataka baridi kali zaidi. Huku kwetu majira ya baridi vituo huchanganya dizeli namba moja, ambayo ni nyepesi. Kule kusini wanauza namba mbili tupu, baridi kama hii wataijulia wapi? Basi nta ikaganda, filta zikaziba, gari likafa. Askari wa barabarani alimsogeza hadi kituo cha malori, akajikunyata pale na kahawa hadi nilipotoka kazini nikamfuata na kijigari changu, nimebeba filta mbili na chupa za dawa ya kuyeyusha. Tulibadilisha filta vidole vimekufa ganzi.

Nasimulia haya kwa sababu miezi mitatu baadaye nilikuwa natafuta pikapu yangu ya kuvutia tela, iliyotumika, na kila niliyemuuliza ninunue ya dizeli au ya petroli alikuwa na jibu tayari.

Wa kwanza alikuwa mjomba. Mjomba ameendesha malori Dar hadi Tunduma nusu ya umri wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Nasikia unanunua gari la kuvuta. Umepata dizeli gani?"

"Bado nafikiria, mjomba."

"Unafikiria nini? Petroli ni ya teksi."

Sikumbishia, mjomba habishiwi kwenye simu. Lakini niligundua kwamba mimi na yeye tukisema dizeli tunataja vitu viwili tofauti. Dizeli ya mjomba ni Fuso, ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta ya kukulalamikia. Pampu yake ni ya chuma, nozeli zake fundi wa Mikumi anazisafisha chini ya mwembe, na ikikataa kuwaka asubuhi mnaisukuma. Dizeli ya namna hiyo hata huku ipo: Cummins ya lita 5.9 iliyowekwa kwenye pikapu za Dodge kuanzia mwaka 1989, zile za mwanzo, ina sifa kama hizo, ila yenyewe ina turbo. Ila sasa ni magari ya zamani, na yale ambayo chumvi ya barabarani haijayala yanauzwa kama dhahabu.

Dizeli za baada ya hapo ni wanyama wengine. Kanuni za hewa chafu za mwaka 2007 zilileta chujio la masizi kwenye ekzosi. Za mwaka 2010 zikaleta tangi la pili, la maji ya urea, ambayo hupulizwa kwenye moshi ili kupunguza sumu. Yale maji yana urea asilimia 32.5 na yanaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, kwa hiyo tangi lake lina hita. Hita ina waya, waya una sensa, sensa ikifa kompyuta inakuhesabia maili zilizobaki kabla haijakupunguzia mwendo. Mjomba nilimweleza hayo akacheka sana. Alidhani natania.

Chujio la masizi nalo lina tabia yake. Likijaa, injini huyachoma yale masizi kwa joto kali, na kazi hiyo inataka safari ndefu ya barabara kuu. Mtu anayezunguka mjini, dakika kumi hapa, dakika kumi na tano pale, anazima kabla halijamaliza kuchoma. Linaziba. Kulibadilisha ni maelfu ya dola. Ndiyo maana ukitafuta dizeli iliyotumika utakutana na muuzaji anayekunong'oneza kwamba hii "imesafishwa", maana yake chujio limeng'olewa na kompyuta imedanganywa. Minnesota iliacha kupima moshi wa magari mwaka 1999, kwa hiyo wengi wanaona si kitu. Sheria ya nchi nzima bado inakataza, na mgeni kama mimi, mwenye makaratasi ya uhamiaji mezani, sina sababu ya kununua kosa la mtu mwingine.

Kabla sijaendelea, neno kwa wageni wapya: Mmarekani akisema "gas" hasemi gesi ya kupikia. Anasema petroli. Na kituo ndicho kile tunachokiita sheli. Kwenye sheli nyingi za huku mpini wa pampu ya dizeli ni wa kijani, lakini si zote. Soma maandishi, usiamini rangi. Petroli ndani ya dizeli ya kisasa inaua pampu ya shinikizo kubwa, na pampu hiyo ikisagika inamwaga vumbi la chuma hadi kwenye nozeli. Bili yake unaweza kununulia gari la kwendea kazini.

Sasa hesabu. Nilipitisha wiki nne nikiangalia magari, na kwa aina moja, mwaka mmoja na maili zinazokaribiana, dizeli ilikuwa juu kwa dola 8,000 hivi. Kazi yangu ni ndogo: mwishoni mwa wiki natoa magari mnadani kwa watu wa jumuiya, gari moja kwa safari, wakati mwingine namhamishia mtu gari lake kwenda Des Moines au Fargo. Tela na gari lililopakiwa ni kama paundi 6,500, karibu tani tatu. Kwa mwaka nilikisia maili 12,000. Petroli ikivuta mzigo huo inakupa maili 10 kwa galoni, dizeli 13. Siku ile petroli ilikuwa dola 3.10, dizeli 3.70, na sehemu ya tofauti hiyo ni kodi: serikali kuu hutoza senti 18.4 kwa galoni ya petroli na senti 24.4 kwa dizeli. Basi petroli ingenila dola 3,720 kwa mwaka, dizeli dola 3,415. Naokoa dola 305. Toa hapo maji ya urea, toa filta mbili za mafuta, toa oili, maana dizeli hizi kubwa hunywa kwoti 12 au 13 kwa badiliko moja, petroli saba (kwoti ni karibu lita moja). Nimebaki na nini? Na zile 8,000 nitazirudisha nikiwa babu.

Jirani yangu nilimfanyia hesabu hiyo hiyo kwenye meza yake ya jikoni, nikitegemea kumnyamazisha. Yeye anakwenda maili 60,000 kwa mwaka na magari matatu nyuma. Petroli kwa mzigo ule isingempa zaidi ya maili 7 kwa galoni, dizeli inampa kumi na nusu. Tofauti yake kwa mwaka inapita dola 5,000. Kwake ile nyongeza ya bei ilijilipa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na baada ya hapo ni faida. Na hapo hujahesabu kwamba gari lake halizimwi hadi jioni, chujio linachomwa kila siku bila yeye kujua. Alinitazama, akanimiminia chai nyingine. Ilibidi niinywe kimya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzoni. Kuna stika ya manjano na nyeupe inayosema gari hilo moja, si aina yake, linaruhusiwa kubeba uzito gani, watu na mizigo. Injini ya dizeli ni nzito, na uzito wake unakula kwenye ruhusa hiyo. Nilikuta pikapu mbili zilizofanana hadi rangi: ya petroli iliandikwa paundi 2,960, ya dizeli 2,180. Tela la kawaida hukalia kitako cha gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tela la paundi 12,000 linaweza kukukalia kwa 1,800. Weka dereva, weka mke, weka kisanduku cha spana. Yule mwenye dizeli anayejisifu kwamba inavuta mlima anaweza kuwa amezidisha uzito kabla hajatoka uani.

Lakini nisimdhulumu mjomba. Dizeli ikivuta, inavuta. Ford F-250 ya mwaka 2015 yenye dizeli ya lita 6.7 ina toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya paundi-futi 860 kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Petroli ya lita 6.2 ya mwaka huo huo ina 405, na kuipata lazima uipeleke mizunguko 4,500, ikilia kama imekanyagwa mkia. Niliwahi kwenda na jirani hadi Colorado. Kwenye I-70 kuna handaki la Eisenhower, futi 11,158 juu ya usawa wa bahari, na huko juu injini isiyo na turbo hukosa hewa: hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kila futi elfu moja. Fanya hesabu mwenyewe. Dizeli yake ilipanda kama inakwenda sokoni. Na wakati wa kushuka alibonyeza swichi, breki ya ekzosi ikashika, mguu wake haukugusa pedeli karibu mteremko mzima. Nilifikiria mlima wa Kitonga kule nyumbani, malori yanavyoteremka pale na harufu ya breki zinazoungua inavyoingia ndani ya basi. Kama kazi yangu ingekuwa Denver, ningenunua dizeli na ningekopa.

Kazi yangu si Denver. Nilinunua petroli: F-250 ya 2015, V8 ya lita 6.2, maili 118,000. Ina plagi 16, mbili kwa kila silinda, nami sikujua hilo hadi nilipokwenda kununua plagi nane.

Kilichonisaidia kuichagua kati ya nyingine ni mita ya saa. Pikapu hizi huhesabu saa ambazo injini imewaka, na unaweza kuzisoma kwenye dashibodi. Gawa maili kwa saa. Moja niliyoipenda mwanzoni ilikuwa na maili 88,000 na saa 5,900, wastani wa maili 15 kwa saa. Maana yake ilikaa inanguruma mahali pamoja, kwenye eneo la ujenzi nadhani, dereva akiota joto ndani. Hii yangu ilikuwa na saa 3,400, wastani wa 35 hivi. Hilo ni gari lililosafiri.

Kisha nikalala chini. Huku humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula bati. Chasisi, mabomba ya breki, boriti ya kufungia tela, vyote nilivigonga kwa nyundo ndogo, muuzaji akinitazama kwa jicho baya. Gari lilikuwa limetoka Arizona. Niliomba pia nilikute injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa sababu boliti za ekzosi kwenye V8 nyingi za kazi hukatika, na mlio wake, tik-tik-tik, husikika dakika za mwanzo tu, hadi chuma kipate joto kitanuke. Muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika ana lake jambo.

Baridi iliyofuata nilimpigia mjomba video. Nyuzi 27 chini ya sifuri, gari limelala nje usiku kucha bila kuchomekwa umeme wa kuipasha injini joto, dizeli ya jirani ng'ambo ya barabara ina waya wa hita umetoka puani kama mgonjwa wa wodini. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja.

Mjomba akasikiliza. Akasogeza simu sikioni ingawa ni video, nikabaki naona ndevu tu.

"Mbona hailii?"

"Ndivyo ilivyo, mjomba. Petroli."

"Hiyo ni cherehani. Na Kitonga je?"

"Minnesota haina Kitonga, mjomba. Kote huku ni tambarare."

Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa jirani yake nyuma.

"Basi hiyo siyo barabara," akasema.