Nani alikuwa zamu?

Jumapili imepita, leo Ijumaa, na swali la Baba bado halijaniacha. Limenifuata jikoni, limenifuata kwenye daladala, na Jumanne lilinikuta kikaoni wakati tunatangaziwa kwamba idara yetu nzima inahamia Dodoma mwezi wa saba. Chumba kizima kikaguna. Mimi nilikuwa nawaza kava la injini.

Dakota yangu, ile ndege ya mfano ya plastiki ninayoiunda, mnaijua, tumekuwa nayo tangu Januari. DC-3, kipimo cha 1 kwa 72, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa sentimita 40, rangi za shirika la ndege la East African Airways kwa kufuata ile picha ya Baba aliyopiga uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, akiwa kijana wa karakana. Mara ya mwisho niliwaandikia kwamba kupaka nimemaliza na sasa naingia kwenye kuichakaza, yaani kuipa sura ya ndege iliyotumika, kazi niliyokuwa naingojea kwa hamu na kwa woga.

Niwaeleze nilivyofanya, maana bila hilo swali la Baba halieleweki. Fedha ilitangulia, mwili mzima. Niliipuliza saa nane mchana, jua kali, kwa sababu masika haya ukipuliza jioni unyevu wa Dar unaingia kwenye rangi na inakauka na weupe kama ukungu. Mabawa ya ile Cessna ya mwaka jana yaliniharibikia hivyo. Kisha nikayatofautisha mabamba, hili nimeongeza tone la nyeusi, lile tone la kijivu, kwa kuwa bati la ndege halizeeki sawasawa. Usukani wa mkia, na vile vipande vinavyocheza nyuma ya mkia na kwenye ncha za mabawa, nimevipa fedha iliyopooza. Kwenye Dakota ya kweli hivyo si bati, ni kitambaa kilichovutwa kikapakwa rangi, na kitambaa hakiwezi kung'aa kama alumini iliyosuguliwa.

Halafu chumvi. Niliulowesha mgongo wa ndege, nikanyunyiza chumvi ya mawe niliyoitwanga kidogo, ikakauka ikashika, nikapuliza nyeupe juu yake. Kesho yake nikaisugua kwa mswaki wa zamani wa Imani. Kila punje iling'oka na rangi yake, na fedha ikachungulia chini. Fedha, si kutu: alumini haitoi kutu nyekundu, ikiliwa na hewa ya bahari hutoa unga mweupe. Baada ya hapo vanishi ya kung'aa, stika, vanishi tena, na rangi ya mafuta iliyozimuliwa mpaka ikawa kama chai ya rangi, ikitiririka yenyewe kwenye mistari ya mabamba.

Na kwenye injini ndipo nilipojiachia. Michirizi ya mafuta ya kahawia kila upande, mirefu, mizito, ikirudi nyuma mpaka juu ya bawa. Masizi ya chaki nyeusi nyuma ya bomba la moshi. Vumbi jekundu la viwanja vya udongo tumboni na chini ya mabawa, hasa nyuma ya magurudumu, kwa sababu Dakota hata ikikunja miguu nusu ya gurudumu inabaki nje. Nilikaa nayo usiku tatu. Nilipoiweka chini ya taa nilihisi kama imetoka Mtwara jioni ile.

Jumapili nikaibeba kwenda Ukonga. Wazee wa upande wa pili walileta barua ya posa ya Rehema, ikapokelewa, pilau ikaliwa, wakaondoka. Mama na shangazi wako uani na masufuria. Baba kaketi dirishani. Nikafungua boksi, nikamkabidhi.

Akaishika kwa tumbo, si kwa bawa, kama mtu anayebeba kuku wa kutaga. Akaigeuza pua ielekee mwanga. Akavaa miwani. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba ndege ya kweli ilipita juu ya bati letu ikatua, na bado hajasema neno.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Nani alikuwa zamu?"

"Zamu ya nini, Baba?"

"Ndege hii. Asubuhi ya siku hii. Nani alikuwa zamu?"

Nikamjibu: "Baba, hii ni ya kutazama tu. Nimeizeesha."

"Haya," akasema. Akairudisha kwenye boksi taratibu, akavuta pamba pembeni ikae vizuri. Vidole vyake vilikuwa vimebaki na vumbi langu jekundu. Akavifuta kwa leso, kimoja kimoja, kisha akauliza kama chai bado ipo.

Basi. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa, na niliyarudia siku tatu. Kwanza nilijiambia ni utani, Baba anapenda utani. Lakini hakucheka, na akitania huwa ananitazama usoni. Safari hii macho hayakutoka kwenye injini. Nikajiambia ananikaripia. Lakini karipio lake nalijua toka nina miaka sita, lina sauti yake, na ile haikuwa sauti hiyo. Usiku wa Jumatatu nikamwamsha Baba Imani nikamuuliza yeye angeelewaje. Akasema labda mzee aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Nikakasirika, nikageukia ukutani.

Kilichoniuma zaidi ni jibu langu. "Ni ya kutazama tu." Mtu aliyeingia karakana ya Embakasi na miaka 20, aliyerudi nyumbani 1977 shirika lilipovunjika akiwa na nguo mbili na sanduku la spana, unamwambia ndege ni ya kutazama tu. Na ile "haya". Nimeisema kwa sauti peke yangu bafuni, nikijaribu kuipata kama alivyoisema yeye. Haya ya kukubali? Ya kuachana na jambo? Haya ya mtu aliyetaka kuendelea na kuambiwa mlango umefungwa?

Jumatano nikapiga simu. Shikamoo, marahaba, magoti vipi, mvua vipi. Kisha nikamuuliza moja kwa moja: Baba, ulimaanisha nini uliposema nani alikuwa zamu?

Akashangaa kwamba bado nalifikiria. Akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Injini ile ni ya duara, silinda 14 kwa safu mbili, mafuta lazima yavuje. Kuvuja hakumtishi fundi. Ila kila asubuhi unaifuta injini kwa tambara, kava nje na ndani, mpaka pakauke. "Si kwa urembo, mama. Ukiyaacha mafuta ya jana, ya leo utayajuaje?" Mchirizi mpya juu ya bati safi unakuambia umetoka wapi, umetoka lini, na kiasi gani. Mchirizi juu ya mchirizi haukuambii kitu. Alipoiona Dakota yangu aliona ndege ambayo hakuna aliyeishika kwa wiki nzima, akatafuta jina la mtu. Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua nani aliiachia iruke.

Nilikaa na simu mkononi baada ya kukata. Uzito wa siku tatu ulinitoka nikaona hata njaa. Mimi nilikuwa nimepaka uchafu. Sikuwa nimempaka yule anayeufuta.

Usiku ule sikulala mapema. Bahati nilikuwa sijaifunga kwa vanishi ya mwisho, na rangi ya mafuta inachukua wiki kukauka sawasawa, kwa hiyo ilikuwa bado inasikia. Nikachovya pamba ya masikio kwenye waiti spiriti, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, nikaikamua kwenye kitambaa mpaka ikabaki na unyevu tu, nikaanza kufuta kava la kushoto. Si kufuta ovyo. Nilisimama jikoni nikanyoosha mkono juu, nikajiuliza mtu aliyesimama chini ya Dakota, au juu ya ngazi fupi, tambara mkononi, anafika wapi. Mkono unakwenda kwa nusu duara. Unaanzia mbele, unashuka, unaishia pale bega linapokataa. Nikaivuta pamba hivyo hivyo, kwa nusu duara ndogo za milimita nne, na uchafu ukaondoka ukiacha kivuli chembamba kama kile anachoacha mama ntilie akipangusa meza kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi. Nyuma kabisa, juu, kava linapokutana na bawa, nikauacha ule wa zamani. Mkono haufiki. Kisha nikachukua brashi ya unywele mmoja, nikatia mchirizi mmoja mpya mweusi unaong'aa, mwembamba, unaotoka kwenye ukingo mmoja wa kava. Mmoja tu. Wa asubuhi hii.

Hakuna kitu nimewahi kupaka kikanipa raha kama mchirizi ule.

Vibanio vya kava nikavigusa kwa penseli ya fedha, kwa kuwa hivyo vinafunguliwa kila siku na rangi haiwezi kudumu hapo. Pale bawa linapoungana na mwili, mafundi wanapopandia, nikapooza mng'ao kwa msasa laini. Ile michubuko ya chumvi mgongoni nimeifunika karibu yote. Nani angeichubua mgongoni? Huko hapandi mtu kila siku. Niliiweka kwa sababu inapendeza, na sasa nikiitazama inanikera.

Jana baada ya kazi nikashuka Ukonga moja kwa moja, boksi mapajani, watu wamenibana pande zote. Baba akaitoa mwenyewe. Miwani. Dirisha. Safari hii hakukaa kimya. Akachukua kijiti cha meno, akaonyesha bila kugusa: "Hapa uache. Hapa kweli tulikuwa hatufiki." Akaenda kwenye propela. "Na hizi?" Nikasema nimezipaka nyeusi na ncha za njano. Akasema asubuhi kabla ya kuwasha tulikuwa tunazizungusha kwa mikono, panga baada ya panga, maana usiku mafuta hushuka yakajaa silinda za chini, na ukiwasha hivyo hivyo unavunja injini. Watu wawili, watatu, kila alfajiri, viganja vile vile mahali pale pale. Halafu akalamba kidole gumba, akausugua upanga mmoja wa plastiki karibu na ncha, polepole, mpaka weusi ukapungua na kijivu kikaanza kuonekana.

Nimepaka ndege 11. Ile ni sehemu ya kwanza ambayo sikuipaka mimi.

Akaniambia niiache kwake mpaka Jumapili, akaiweka juu ya kabati karibu na redio, pua ikitazama mlango. Vanishi ya mwisho itasubiri.

Nilipotoka, Mama alinisindikiza kwa uani, ndipo nikaona ukuta wa jirani, upande wa banda la kuku. Umepinda tangu mvua ya Jumapili. Kuna ufa unaoingia kidole, na chini tofali zimelowa zinamong'onyoka ukizigusa. Mama anasema jirani yuko safarini na simu yake haipatikani. Tumewahamishia kuku jikoni, lakini njia ya kwenda bombani inapita pale pale, na leo asubuhi mvua imenyesha tena.