Jinsi nilivyozuia kutu kwenye kisu changu cha porini

Kisu changu cha kazi ya mizinga ya nyuki, ambacho mhunzi wa hapa Tabora alikifua kutokana na springi ya gari, hushika makali vizuri na hakipindi, lakini kila masika kilikuwa kikitoka kwenye ala na madoa ya kutu, hasa pale bapa linapoingia kwenye mpini. Chuma cha springi kina kromiamu kidogo mno, ilhali chuma kisichoshika kutu huhitaji angalau asilimia 10.5, na ala ya ngozi hufyonza unyevu na kuulaza juu ya bapa usiku kucha.

Nilisugua bapa kwa msasa laini, nikaliosha kwa sabuni hadi mafuta yote yakatoka, kisha nikalipaka siki ya moto mara kadhaa mpaka likawa kijivu kilichokolea. Utando huo hupunguza kasi ya kutu, ingawa hauizuii kabisa. Baada ya kusuuza na kukausha, nilipaka nta ya nyuki, ambayo Tabora haina haja ya kutafutwa mbali, niliyoiyeyusha katika kopo lililokaa ndani ya maji ya moto. Huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 63 za Selsiasi, kwa hiyo kisu hakikuguswa na moto ambao ungelegeza ugumu wake. Mpini wa mninga nao ulipata nta hiyohiyo.

Ala niliitoboa tundu dogo nchani ili maji yatoke, na kambini kisu hulala nje yake. Tangu hapo madoa hayajarudi.